Miaka Yangu kwenye Kaburi la Papa Amosi

Nimestaafu. Najua Dorcas atacheka akisoma hivi, kwa sababu nina miaka kumi na minane, na wanaostaafu huwa na mvi na miguu inayouma. Lakini kazi ni kazi. Mtu aliyeanza akiwa bado mdogo, mwanzoni mwa shule ya secondaire, na akaiacha kwa heshima ana haki ya kukaa chini na kuwaambia wanaobaki ilikuwaje. Mwezi ujao naenda Liège kusomea uuguzi. Kaburi la Papa Amosi nawaachia ninyi wadogo wawili wa kanisa letu, Dorcas na Aimée. Kuwaambia kwa mdomo siwezi, mnanijua: mkiniangalia wote wawili kwa pamoja nasahau hata jina langu. Kwa hiyo naandika, kama nilivyozoea kujiandikia mambo yangu. Kiswahili hiki cha vitabuni ni cha Baba, aliyekuwa mwalimu Uvira, kwetu Congo, na hakukubali mtoto wake aandike kama anavyoongea.

Habari za kupanda cheo sitazirefusha. Nilianza kama mfagiaji wa pili, nikamaliza kama mfagiaji wa kwanza, na tulikuwa wawili. Mshahara nao nauruka, kama wenyewe ulivyoniruka.

Kazi niliipata kwa kushindwa kazi nyingine. Pasaka moja watoto wa chapelle, kanisa letu dogo, walipewa kila mmoja mstari wa kusema mbele ya watu. Wangu ulikuwa mfupi kuliko yote, walinihurumia. Nikasimama, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mtoto mmoja nyuma akacheka. Pasta akasema bon, tuendelee. Baada ya ibada Maman Faida alinishika mkono pale tunapotundika makoti.

Maman Faida ninyi mnamjua na bado mnamwogopa. Wakati ule alikuwa jirani yetu Etterbeek, hapa Bruxelles, ghorofa moja chini yetu. Alitoka Uvira kuja kumtunza dada yake mgonjwa. Dada akafa, yeye akabaki, akawa anasafisha maofisi alfajiri kabla wenye ofisi hawajaamka. Bwana yake, Papa Étienne, alikuwa bado Uvira, anauza nyumba ili amfuate.

"Weye mutoto, unaogopa bantu?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bon. Mimi nitakupeleka kwa muntu mwenye haongeake. Mufu hakuulizake kitu."

Jumamosi tukapanda tram mpaka kule mwisho, karibu na msitu, yeye na ndoo, mimi na fagio. Watu walituangalia. Mwanamke mwenye ndoo ndani ya tram anaonekana anaenda kazini, lakini msichana mwenye fagio la vijiti anaonekana katoroka mahali. Nilitaka kushuka kila kituo.

Mlangoni mwa makaburi alikuwepo Monsieur Roger, mlinzi, na kofia yake ile ile mnayoiona leo. Akaniuliza mimi, siyo Maman Faida, sisi ni nani. Swali jepesi kabisa. Nikaangalia viatu vyangu. Maman Faida, ambaye Kifaransa chake kilikuwa kidogo lakini hakina woga, akanipokonya fagio, akaliinua juu, akasema, "Nous, balai." Sisi, fagio.

Monsieur Roger akafikiri kidogo. "Ah bon," akasema. "Pita, Madame Balai." Na mimi akanipa jina langu, la petite muette, bubu mdogo. Nimelibeba miaka mingi. Sikulipenda, lakini lilikuwa kweli.

Sasa vifaa, sikilizeni vizuri. Jiwe la Papa Amosi ni lile la buluu la huku, linalokuwa jeusi mvua ikinyesha na la kijivu likikauka. Linaoshwa kwa maji na savon noir kidogo, ile sabuni nyeusi laini, basi. Brashi iwe ya nyuzi za majani, isiwe ya chuma. Ndani ya herufi mnapita na kijiti cha aiskrimu kilicholowekwa, kwa sababu ukungu unapenda kulala ndani ya herufi, hasa ile S inayomaliza Amos. Haya yote alinifundisha Monsieur Roger, akiwa amesimama mbali na mikono mgongoni, kama mtu anayejiongelea mwenyewe. Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kamwe. Maman mmoja wa chorale, kwaya yetu, simtaji, alikuja siku moja na chupa nzima ya javel kwa upendo mkubwa. Angalieni kona ya chini kushoto: pale jiwe limekuwa kama uso wa mtu aliyejipaka mkorogo. Halitarudi.

Fagio ni lile la vijiti vya msituni, limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Maman Faida alilitengeneza mwenyewe. Mafagio ya dukani, alisema, yanabembeleza majani badala ya kuyaondoa.

Na mwenye kaburi je? Kwenye jiwe imeandikwa Amos Tredwick, ministre, yaani mchungaji. Maman Faida hakuweza kulitamka jina la pili, na sidhani alijaribu sana. Akamwita Papa Amosi, chapelle nzima ikafuata. Maisha yake tuliyajua kupitia Madame Lucienne, bibi Mbelgiji anayeshika funguo za chapelle. Bibi wa bibi yake alikuwa mmoja wa wafua nguo wa zamani, na habari za mchungaji zimeshuka kwa wanawake wa nyumba ile kama mapishi. Alitusimulia Jumapili baada ya ibada, akichovya biskuti za speculoos kwenye kahawa, na kila mara alianzia pale pale.

Papa Amosi alikuwa Mwingereza, mtoto wa fundi wa masufuria. Wamethodisti wa kwao walimtuma Bruxelles kuwahubiria Waingereza waliokuja na mashine zao. Wenye mashine walikuwa na chapelle nzuri na viti vya mbele vyenye mito. Lakini yeye alipita kila siku kando ya mto Senne, ule ambao leo umefunikwa na tunatembea juu yake bila kuujua, akawakuta wafua nguo. Kwao akajifunza Kifaransa na Kiflamand, vyote viwili vibaya. Wakaanza kuja kanisani, mikono imeiva kwa sabuni, watoto mgongoni. Wazee wa kanisa wakasema hawa wananuka majivu, wakae nyuma. Papa Amosi hakubishana. Jumapili iliyofuata aliinua mimbari, ilikuwa ya mbao tu, akaibeba mabegani kupita katikati ya watu wote, akaiweka nyuma, mlangoni. Akahubiria kule. Wenye mito ikabidi wageuze shingo.

Walimfukuza, ndiyo. Akahubiri kwenye zizi la farasi.

Halafu kikaja kipindupindu. Wafua nguo walikufa sana, maana maji ndiyo yalikuwa kazi yao. Wengi walitoka vijijini, hawana mtu mjini. Maiti ikifika kwenye geti la makaburi, mlinzi aliuliza kwanza, huyu ni wa nani? Asipopatikana mwenyewe, anatupwa kwenye shimo la wote bila jina. Papa Amosi alisimama pale getini, siku baada ya siku, na kila mlinzi alipouliza familia iko wapi, alijibu, ni mimi. Kwa mwanamke Mflamand, ni mimi. Kwa mtoto, ni mimi. Mlinzi akamwambia, Mchungaji, huwezi kuwa ndugu wa watu wote hawa. Akamjibu: andika.

Maman Faida aliipenda habari hiyo kuliko mahubiri ya Pasta, na alimwambia Pasta hivyo.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Nilijifunza kufagia kwa kufuata upepo. Nilijifunza pia kujificha. Waliwahi kuja wageni kutoka Uingereza, Wamethodisti wenye kamera, wakataka msichana wa kaburi awaeleze kidogo. Msichana wa kaburi alikuwa nyuma ya mnara wa kaburi la mtengeneza bia, jirani yetu wa kulia, amechuchumaa. Maman Faida aliniona, hakunitaja. Kwenye tram alisema tu, "Ule muzee wa bière eko na mugongo mupana, hein? Anafichaka bantu." Nikajua amenisamehe, na kwamba ameona.

Kazi ngumu ilianza mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira. Kabla yake Papa Étienne alituma kaseti. Tulizisikiliza jikoni kwake: mbwa anabweka, majirani wanasalimia, na yeye anaeleza bei ya mabati kwa kirefu mpaka mkewe anamjibu kwenye redio. Baada ya hapo, kimya. Wengine walipata habari, mbaya au nzuri. Maman Faida hakupata hata mbaya. Mmoja alisema alimwona Papa Étienne njiani kuelekea milimani, mwingine akasema siye. Majira ya baridi yale Maman Faida alisugua jiwe mpaka brashi ikabaki kipara, na mimi nilibeba maji na sikusema neno, ambalo ndilo jambo nililoliweza. Alifunga kitambaa kichwani na hakusuka tena. Watu walisema anaomboleza. Wengine wakasema hapana, angekuwa anaomboleza angeweka matanga. Kweli hakuweka. Utaliaje mtu ambaye labda yuko hai, anatembea mahali? Na utaachaje?

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Madame Lucienne alikuwa akiishia masimulizi yake kwenye kipindupindu, siku zote. Vuli ya mwaka jana Maman Faida alimuuliza, mimi nikitafsiri kwa sauti ya chini, yeye mwenyewe Papa Amosi alizikwa namna gani. Bibi akaweka kikombe chini. Alisema wafua nguo ndio waliobeba jeneza. Walipofika getini mlinzi akauliza, familia ni nani? Walikuwa wengi, lakini hakuna aliyejibu. Waliogopa kofia yake na maswali yatakayofuata. Mlinzi akawaambia waache jeneza, waende. Akazikwa kesho yake bila mtu. Jiwe waliliweka baadaye, kwa aibu.

"Alors matanga yake," akasema Maman Faida, "nani aliiondoa?"

Nilimtafsiria Madame Lucienne kama nilivyoweza, kwamba kwetu msiba hauishi wenyewe, lazima watu wakutane wauinue. Bibi akatikisa kichwa. Hakuna aliyeinua kitu.

Maman Faida akasukuma kikombe chake pembeni. Kisha akasema Papa Amosi bado yuko kwenye matanga yake, miaka yote hii, na sisi tunamkanyaga na fagio kila Jumamosi kama wajinga. Maana mnajua: kwenye nyumba ya msiba hakufagiwi. Uchafu unakaa mpaka siku ya kuinua, na siku hiyo mtu wa familia ndiye anayeshika fagio wa kwanza. Akaamua. Tutamwekea matanga yake kwanza, kama mtu. Fagio likawekwa chini.

Ilikuwa karibu na Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote mwanzoni mwa Novemba. Ninyi mmeshaona makaburi ya huku wakati wa Toussaint: Wabelgiji wote na ndoo zao, maua ya chrysanthème kila mahali, mawe yanang'aa kama meza za mgahawa. Katikati ya usafi wote ule, kaburi letu peke yake lilifunikwa na majani ya msitu mzima, na pembeni yake wanawake wawili kwenye mkeka, na thermos ya chai. Kila Jumamosi. Mvua ikinyesha tulikaa na mwavuli. Monsieur Roger alipita, akatazama majani, akatutazama sisi. Aliuliza kama tumegombana na marehemu. Ilikuwa zamu yangu kueleza. Nikafungua mdomo. Mnajua kilichotoka.

Baada ya Mwaka Mpya tukakuta kibao kidogo kimechomekwa kwenye majani. Karatasi ya njano ndani ya plastiki, na muhuri wa commune, serikali ya mtaa. Ilisema kaburi hili limeonekana kutelekezwa, na kwamba familia isipojitokeza litaondolewa.

Niliisoma mara mbili kabla sijamwambia. Tulimlilia kwa heshima zote, na wao walipoangalia waliona mtu aliyetupwa.

"Sikuwa na la kufanya," Monsieur Roger aliniambia, na hakuweka mikono mgongoni. "Walikuja kukagua. Wakauliza kama kuna anayelitunza. Niseme nini? Niseme kuna wanawake wanaolikalia?"

Kikao kilifanyika chapelle, Jumapili baada ya ibada. Pasta alikuwa amepiga simu: Madame mmoja wa commune atakuja kuangalia kaburi kabla hawajakata shauri, Jumatano mchana baada ya Pasaka. Monsieur président wa kamati, Mbelgiji mpole, alisema kwa huzuni kwamba mwisho wa yote ni jiwe tu, na kumbukumbu iko mioyoni. Wengine wakaitikia. Pasta akasema, "Ba maman, tusichokoze commune. Humu ndani kuna watu dossiers zao za kibali cha kukaa hazijajibiwa. Yako mwenyewe, Maman Faida. Leo unagombana na guichet hii, dirisha la ofisi, kesho jina lako liko kwenye guichet nyingine."

Maman Faida alisimama. Alikuwa na mkoba wake mkononi, tayari kuondoka.

"Pasta, mimi nilitoka ku Uvira na valise moja. Nyumba, hakuna. Bwana, sijue eko wapi, na hakuna mahali ya kuweka hata ua. Alors bananiambia sasa na huyu mufu naye, mwenye jiwe, mwenye jina, ahame? Aende wapi? Hapana. Balete tingatinga yao. Mimi nitakuwa ku mukeka."

"Basi fagieni tu," mtu akasema. "Jumanne mfagie, Jumatano wakute safi. Ni majani."

Nami nilikuwa nimewaza hivyo hivyo, nakiri. Hata ndoo nilikuwa nimeiandaa.

"Afagie nani?" Maman Faida akauliza. Akatuangalia mmoja mmoja. "Hiyo njo kitu tunakosa. Mimi si wa familia yake. Nilimuombolezea tu. Wa kushika fagio wa kwanza ni muntu wake, na muntu wake sijamuona. Mukimuona, munipigie téléphone."

Akatoka. Mlango wa chapelle ile, mnaujua, haufungiki taratibu.

Jumatano hiyo nilitoka shule saa sita nikaenda moja kwa moja. Nilitegemea kumkuta peke yake. Nikakuta mkeka wake, na mikeka mingine, na sufuria zimefungwa kwa vitambaa, sombe, yaani kisamvu, na wali na samaki wa kukaanga. Ba maman wa chorale walikuwepo, hata yule wa javel. Madame Lucienne alikuwa kwenye kiti cha kukunja. Pasta alisimama kando kidogo, kama mtu aliyekuwa anapita, lakini amevaa kola. Hakuna aliyewaita. Walikuja kukaa tu, kwa sababu mtu akikaa matanga peke yake ni aibu ya wote. Dorcas, wewe ulikuwepo, ulikuwa unakula.

Madame wa commune alikuja na Monsieur Roger. Alivaa koti la kijani na viatu vilivyozoea matope. Hakuwa mkali, nataka liandikwe hilo. Alishangaa tu. Aliangalia majani, yaliyokwisha kuoza na kuwa meusi, akaangalia masufuria.

"Bonjour," akasema. "Familia ni nani hapa?"

Nikawaangalia watu wazima, kama kila mtoto anavyofanya. Ba maman walimtazama Pasta. Pasta alitazama kola yake, kama inaonekana. Madame Lucienne akasema kwamba sisi sote ni marafiki wa marehemu, na yule akajibu kwa upole, "Marafiki naona, Madame. Mimi nauliza familia." Maman Faida hakuelewa yote, lakini neno famille alilielewa. Aliinamisha kichwa kuelekea mkekani.

Na kimya kile nilikitambua. Madame Lucienne alikuwa amenisimulia. Watu wengi, jeneza, geti, na hakuna anayejibu kwa sababu wote wanaogopa kofia. Nilikuwa nimekitafsiri mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikaona kwamba tunamfanyia mara ya pili.

"C'est moi," nikasema. Ni mimi.

"Pardon?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo sana, ilinibidi kuanza tena. "C'est moi. La famille."

Aliniangalia. Akaangalia jiwe, Tredwick, akaniangalia tena, na mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. "Wewe, Mademoiselle, ni wa ukoo wa huyu bwana?"

Nikamwambia Papa Amosi alijibu hivi hivi, getini, kwa watu ambao hakuzaliwa nao, na makaburi yakampokea jibu lake, na watu hao wakazikwa kwa majina. Nikasema kama jibu lile lilifaa kwake, linafaa na kwangu. Nikasema, "Andika." Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwamuru mtu wa commune. Nadhani sikuupata mahali, nilichoka tu kuutafuta.

Maman Faida alimvuta nguo jirani yake. "Anasema nini ule mutoto?"

"Anasema njo yeye famille."

Maman Faida akainuka, polepole, mkono mmoja kwenye goti. Akafunua ukingo wa mkeka. Fagio lilikuwa chini yake, lile la vijiti. Alikuja nalo kila Jumamosi tangu Toussaint bila kuniambia, amelikalia. Akaja mpaka mbele yangu, mbele ya Madame wa commune na muhuri wake.

"Bon," akasema. "Kama njo weye, fagia."

Nikafagia. Majani yalikuwa mazito, yameshikana kama mikate, na chini yake jiwe lilikuwa limelowa, jeusi, na jina lote likatoka, mpaka ile S. Kigelegele cha kwanza kilinishtua nusura nidondoshe fagio. Kilitoka kwa Maman Faida. Halafu wengine. Wabelgiji waliokuwa mbali kwenye makaburi yao wakainua vichwa. Monsieur Roger alikwenda akarudi na toroli lake, akaanza kupakia majani bila kuambiwa na mtu, na alipoinama akaniambia, "Alors, la muette." Basi, hakuongeza.

Madame wa commune alisubiri mpaka nimalize. Akauliza nina umri gani. Nikasema nimetimiza kumi na minane Februari. Akasema hapo lazima mtu mzima aje guichet na kitambulisho, aseme jina lake, na kwamba wataniuliza uhusiano. Alisema hivyo kama mtu anayemtahadharisha mwenzake. Kisha akala samaki, akiwa amesimama.

Ijumaa nilienda. Kijana wa guichet akaniuliza uhusiano na marehemu. Nikasema, binti. Akainua macho. Sikuinamisha yangu. Akaandika. Kibao cha njano Monsieur Roger alikivunja mwenyewe kwa goti, na sidhani alikuwa na ruhusa.

Siku ile ya kuinua matanga Maman Faida aliomba aondoke na fagio, alilala nalo nyumbani kwake. Sikumuuliza la nini. Jumamosi iliyofuata alilirudisha, limetumika, vijiti vimeshika vumbi la nyumbani kwake, na kichwani hakuwa na kitambaa. Alikuwa amesuka, mistari midogo midogo kwenda nyuma, na mvi zake zote ziko wazi. Tulifagia. Kwenye tram akanisimulia bei ya mabati ya Uvira kwa kirefu, kwa sauti ya bwana yake, na alicheka.

Basi, Dorcas, Aimée. Ndoo iko chini ya sinki la chapelle, savon noir iko ndani yake. Brashi nimenunua mpya. Fagio liko nyuma ya mlango kwa Maman Faida, muombeni kwa heshima, na mpira ukikatika mtafuteni mtu mwenye baiskeli, msinunue jingine. Karatasi za commune ni za muda, siku moja mwingine atakuja na koti lake, atasimama mbele ya jiwe na kuuliza. Msigeuke kunitafuta, nitakuwa Liège. Msimwangalie Pasta. Jibu ni fupi, hata mwenye haya analiweza.